DUREL, SWBS, DSES au Brief RCOPE: uchague kipimo gani unapochunguza imani na ustawi wa wanafunzi?

Kila msimu wa kuandika pendekezo la utafiti ukifika, swali hili hurudi kwa wanafunzi wa saikolojia, elimu, ustawi wa jamii na hata theolojia: nataka kuona kama wanafunzi walioshika imani wana hali njema kuliko wenzao, nitumie dodoso gani? Anayeuliza kwa kawaida ameshapakua manne au matano. Yote yametumika katika makala mengi, yote yana takwimu nzuri, na msimamizi amemwambia achague moja na awe tayari kulitetea.

Nimechukua vipimo vinne vinavyokutwa mara nyingi zaidi, nikavipitisha katika maswali yaleyale. Kila kimoja kina mahali pake, na mwishoni nitaeleza ni mahali gani. Ila kuna kosa moja ninalotamani uliepuke hata usipokumbuka kingine chochote: kupima kitu kimoja mara mbili kwa majina mawili, halafu ukaandika kwamba umegundua vitu viwili vinavyohusiana.

Vinne vyenyewe

DUREL, yaani Duke University Religion Index, ilitolewa mwaka 1997 na Harold Koenig na wenzake. Ina maswali matano tu. SWBS, yaani Spiritual Well-Being Scale ya Raymond Paloutzian na Craig Ellison, ni ya mwaka 1982 na ina kauli 20. DSES, yaani Daily Spiritual Experience Scale ya Lynn Underwood, ilichapishwa pamoja na Jeanne Teresi mwaka 2002 ikiwa na kauli 16. Brief RCOPE ya Kenneth Pargament na wenzake, ya mwaka 1998, ina kauli 14.

Nimevipima kwa mambo matano. La kwanza ni kile ambacho kila kimoja kinakipima hasa. La pili, ni kwa kiasi gani kauli zake zinagusa ustawi wenyewe. La tatu ni namna kinavyosomeka kwa Kiswahili, kwa Mkristo na kwa Mwislamu. La nne, kikiwekwa mbele ya watu wanaoshika dini sana, kinaweza kuwatofautisha? La tano ni muda, ruhusa na hesabu. La pili na la tatu yatachukua nafasi kubwa, kwa sababu huko ndiko tasnifu nyingi huumia.

Kinapima nini hasa

DUREL inapima dini kama mtu anavyoiishi: anahudhuria ibada mara ngapi, anafanya ibada za binafsi mara ngapi, na katika maswali matatu ya mwisho, dini imeingia kiasi gani katika maisha yake. Hakuna swali la furaha wala amani humo.

DSES inauliza uzoefu wa kila siku. Unahisi uwepo wa Mungu? Unaguswa na uzuri wa uumbaji? Unashukuru kwa baraka ulizopata? Kauli 15 za kwanza hujibiwa kwa kiwango cha kutokea, kuanzia mara nyingi kwa siku hadi kamwe au karibu kamwe, na ya 16 inauliza uko karibu na Mungu kiasi gani.

SWBS imegawanyika nusu kwa nusu. Kauli kumi zinahusu uhusiano wa mtu na Mungu. Kumi nyingine zinahusu maisha kwa jumla: yana maana, yana mwelekeo, yanaridhisha au hayaridhishi.

Brief RCOPE ni ya namna nyingine kabisa. Inamtaka mtu akumbuke shida iliyompata, kisha inauliza alitumiaje dini kuikabili. Kauli saba ni za upande mzuri, kama kutafuta upendo na ulinzi wa Mungu. Saba ni za upande wa mapambano: kujiuliza kama Mungu amenitupa, kuhisi kwamba ananiadhibu kwa kukosa ucha Mungu, kutilia shaka uwezo wake. Ilipokuwa inatengenezwa ilijaribiwa kwa waumini wa Oklahoma City baada ya mlipuko wa bomu wa 1995, kwa wanafunzi wa chuo waliopatwa na matatizo mazito, na kwa wazee waliolazwa hospitalini. Kwa hiyo wanafunzi walikuwamo tangu mwanzo.

Tofauti kati ya dini na maisha ya ndani inabadilisha matokeo. Alexander Astin, Helen Astin na Jennifer Lindholm wa UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, waliwapa dodoso wanafunzi 112,232 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 236 vya Marekani mwaka 2004, kisha mwaka 2007 wakawafuata 14,527 kati yao katika vyuo 136. Kuhudhuria ibada kulipungua wakiwa chuoni, huku kutafuta maana ya maisha kukiongezeka. Mtu ambaye angepima mahudhurio peke yake angeandika kwamba vijana wale wanapoteza imani. Ambaye angepima utafutaji wa maana peke yake angeandika kwamba wanakua.

Kinagusa ustawi wenyewe kiasi gani

Chukua SWBS. Moja ya kauli zake inasema, kwa maana, kwamba uhusiano wangu na Mungu unachangia hali yangu njema. Nyingine inasema unanisaidia nisijihisi mpweke. Katika nusu ya pili, mtu anaulizwa kama maisha ni jambo jema kwake na kama anayafurahia. Sasa mwanafunzi wako akijaza karatasi hiyo asubuhi, na karatasi ya pili ikamuuliza kama anaridhika na maisha yake, majibu yatafanana. Yatakosaje kufanana? Umemuuliza swali lilelile mara mbili. Ukikokotoa uhusiano utapata namba nzuri, utaisifu imani, na mtahini mwenye macho atakuuliza: mwanafunzi mwenye sonona asiye na tatizo lolote na Mungu atapata alama gani hapa? Atapata ndogo, kwa sababu ana sonona.

Koenig aliliandikia makala jambo hili mwaka 2008, akilalamika kwamba vipimo vingi vya maisha ya kiroho vimejazwa afya ya akili ndani yake, na kwa hiyo haviwezi kushindwa kuonyesha uhusiano nayo. Ni haki kukumbuka kwamba yeye ndiye mwenye DUREL, kipimo kinachotoka salama katika hoja hiyo. Hata hivyo naiona hoja yake ni sahihi, na unaweza kuihakiki mwenyewe kwa dakika kumi: weka karatasi mbili mezani, ya imani na ya ustawi, chukua kalamu, pigia mstari kila kauli ya imani ambayo ingeweza kukaa kwenye karatasi ya ustawi bila mtu kushtuka.

Ukifanya hivyo, DUREL itabaki safi. DSES itapata mistari michache, kwenye kauli za amani ya ndani, faraja na furaha wakati wa ibada. Brief RCOPE haitapata mingi upande mzuri; upande wa mapambano unakaribia huzuni, lakini ni huzuni yenye anwani, inayomhusu Mungu, na hiyo ndiyo thamani yake. SWBS itapata mistari mingi.

Hilo haliifanyi SWBS kuwa kipimo kibaya. Ilitengenezwa kupima ustawi wa kiroho kama tunda, na kwa kazi hiyo inafaa. Shida huja inapogeuzwa kuwa chanzo, halafu tunda lake likapimwa tena kwa jina jingine.

Kikivaa Kiswahili

Tuanze na neno lenyewe. Mtu anayetafsiri haraka huona *mtu* huzaa *utu*, akadhani *roho* itazaa *uroho*. Uroho ni ulafi. Dodoso linalomuuliza binti wa mwaka wa pili kiwango chake cha uroho limemtukana. *Hali ya kiroho* au *maisha ya kiroho* ni salama zaidi, lakini nayo yana harufu ya kanisani: kukua kiroho, chakula cha kiroho, baba wa kiroho. Mwislamu atalielewa neno, ila yeye mwenyewe angesema imani, ibada, ucha Mungu. Tena katika mazungumzo ya kawaida roho ni tabia ya mtu: ana roho nzuri, ana roho ya korosho. Ukiuliza "roho yako ikoje?" baadhi watakujibu kuhusu ukarimu wao.

DSES inapita hapa kwa urahisi kuliko nyingine, kwa sababu haitegemei neno hilo moja bali inataja matukio. Na Kiswahili kinaisaidia kwa jambo ambalo lugha nyingi hazina: neno *Mungu* liko vinywani mwa Wakristo na Waislamu kwa pamoja bila ugomvi. Waandishi wake wenyewe wanaruhusu msomaji aweke jina analolitumia yeye. Usiandike Bwana, usiandike Allah, acha Mungu. Kazi ngumu itakuwa kauli ya amani ya ndani, kwa sababu moyo, roho na nafsi vyote vinaweza kutulia na havitulii kwa maana ileile. Wasomee wanafunzi wachache matoleo yote matatu uone wanalitaja lipi wakieleza kwa maneno yao.

DUREL ina maswali machache lakini kila moja lina mtego. Swali la ibada za binafsi linataja sala, kutafakari na kusoma Biblia. Kwa Mwislamu hapo pana vitu vitatu au vinne: swala za faradhi, dua, kusoma Qur'ani, uradi. Swala ya alfajiri aliyoswali peke yake chumbani hosteli ni ya binafsi, au ni ile ya lazima ambayo angeiswali msikitini kama angewahi? Kisha jibu la juu kabisa ni zaidi ya mara moja kwa siku. Anayeswali swala tano na anayeongeza tahajudi wote wanakaa kwenye alama sita. Swali la mahudhurio nalo linamwonea binti wa Kiislamu, ambaye swala ya Ijumaa msikitini si wajibu kwake: anaweza asikose hata swala moja na bado akaandikwa mtu asiyehudhuria. Kuna matoleo ya Kiajemi na Kimalei yaliyoshughulikia wasomaji Waislamu, na inafaa uyaangalie kabla ya kuandika lako.

SWBS ina tatizo la kauli za kukanusha, karibu nusu ya zote. Kwa Kiswahili, ukiulizwa "hujala?" na kweli hujala, unajibu "ndiyo". Sasa mpe mtu kauli "sipati raha sana katika sala ya faragha" na majibu kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa. Mwenye kufurahia sala anapaswa kuchagua *sikubali kabisa* juu ya *sipati*, na saa nane mchana, dodoso likiwa ukurasa wa tatu, wengi watateleza. Ukiona alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama kauli za sehemu moja zinakwenda pamoja, imeanguka, angalia kauli hizo kwanza kabla ya kulaumu wanafunzi.

Brief RCOPE ina kauli moja ninayoiogopa kuliko zote: kwamba nilihitimisha kuwa shetani ndiye aliyesababisha. Kwa Pargament hiyo ni dalili ya mapambano. Katika vyuo vyetu kuna mwanafunzi anayeamini kwamba kufeli kwake kumetokana na pepo au kulogwa nyumbani, na imani hiyo hiyo inampeleka kwenye mkesha ambako anaombewa na kurudi akiwa mwepesi. Kwake hiyo ni faraja. Alama yake itahesabiwa upande wa dhiki. Usiifute kauli hiyo kimyakimya: iache, kokotoa matokeo ikiwamo na ikiwa haimo, na uwaulize wachache ana kwa ana walimaanisha nini.

Kwa vyote vinne, tafsiri mtu mmoja, mwingine asiyeyaona maandishi ya asili arudishe kwenye lugha ya kwanza, mkae na kulinganisha. Njia hiyo imezoeleka tangu Richard Brislin alipoieleza mwaka 1970. Lakini kutafsiri kwenda na kurudi hakukamati tatizo la shetani wala la swala ya alfajiri, kwa kuwa maneno yanarudi yakiwa sahihi. Hayo hukamatwa na mazungumzo.

Kikigonga dari

Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2010, uliofanyika katika nchi 19 za Afrika kusini mwa Sahara, ulikuta kwamba katika nchi nyingi watu takriban tisa kati ya kumi wanasema dini ni muhimu sana maishani mwao. Ukiuliza wanafunzi wa hapa kama Mungu anawapenda na kuwajali, karibu wote watachagua jibu la juu. Kila mtu akiwa juu, hakuna tofauti ya kupima, na uhusiano unaoutafuta utaonekana haupo.

SWBS, sehemu ya uhusiano na Mungu, na maswali matatu ya mwisho ya DUREL ndiyo yanayoumia zaidi. DSES inastahimili kiasi kwa sababu inauliza mara ngapi, na hata mcha Mungu anaweza kusema siku nyingine sihisi chochote. Upande wa mapambano wa Brief RCOPE una tatizo la kinyume: wengi watakuwa chini, maana kukiri kwamba umemlaumu Mungu ni jambo zito hata kwenye karatasi isiyo na jina. Kwa hiyo usigawe madodoso hayo mhadhiri akiwa amesimama mbele, wala katika ibada ya jumuiya ya wanafunzi. Na ukiwa Tanzania kumbuka sensa haijauliza dini tangu 1967. Watu hawajazoea kuona kisanduku hicho kwenye fomu rasmi, basi eleza kwa nini unakiuliza.

Muda, ruhusa, hesabu

DUREL ndiyo fupi kuliko zote, nyingine tatu huchukua muda zaidi kidogo. DUREL na Brief RCOPE zimeelezwa kwa kirefu katika jarida la Religions, 2010 na 2011, na makala yote mawili yanasomwa bure. SWBS na DSES zina hakimiliki. Waandikie wenyewe mapema, uulize pia kama kuna tafsiri ya Kiswahili, na uambatishe ruhusa.

Katika hesabu, Koenig mwenyewe anashauri sehemu tatu za DUREL zichambuliwe mbalimbali, zisijumlishwe. Pande mbili za Brief RCOPE nazo zisijumlishwe kamwe. Kwa DSES hakikisha mwelekeo: katika toleo la mwanzo alama ndogo ndiyo uzoefu mkubwa, na kuna watu wamegeuza matokeo yao bila kujua. SWBS inakwenda kutoka 20 hadi 120, lakini jumla hiyo inaficha nusu mbili zilizo tofauti.

Kwa upande wa ustawi, WHO-5, dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani, ina kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita, haitaji Mungu wala maana ya maisha, na toleo la Kiswahili lilichunguzwa pwani ya Kenya katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ingawa kwa watu wazima wanaoishi na VVU au kifafa, si wanafunzi. Alama ghafi 0 hadi 25 huzidishwa kwa 4. Mwenye 50 au chini anahitaji kuangaliwa kama ana sonona, hivyo kabla hujagawa karatasi ya kwanza uwe umeshaongea na mshauri wa wanafunzi na namba yake iwe imechapwa mwishoni mwa dodoso.

Nani achukue kipi

Ni shahada ya kwanza, una miezi mitatu na fedha za kutoa kopi mia mbili: DUREL pamoja na WHO-5. Rekebisha swali la ibada za binafsi, na useme wazi kwamba umelirekebisha.

Unataka kujua imani inavyoishwa siku kwa siku katika chuo chenye dini mchanganyiko: DSES. Panga mapema kuchambua pia bila zile kauli za amani na furaha, uone kama uhusiano unabaki.

Unawachunguza waliopatwa na jambo: waliofiwa na mzazi katikati ya muhula, waliokosa mkopo, waliodisko wakarudi. Hapo Brief RCOPE haina mpinzani kati ya hizi nne, kwa kuwa ndiyo pekee inayojua kwamba dini inaweza pia kuuma. Ukiwa na nafasi, iongeze DUREL ili ujue anayepambana na Mungu ni yule aliye mbali naye au ni yule anayeswali kila siku.

Wewe ni mlezi wa wanafunzi, kasisi au mratibu wa ushauri katika chuo cha kidini, na unachotaka ni kujua hali ya kiroho ya vijana wako kabla na baada ya programu fulani: SWBS inakufaa. Hapo hutafuti chanzo cha ustawi, unautazama wenyewe, na kuingiliana kwa kauli hakukudhuru.

Kama pendekezo limeshapita kwa SWBS na msimamizi hataki kusikia mabadiliko, usikate tamaa. Toa matokeo ya nusu mbili kando kando, tumia nusu ya uhusiano na Mungu katika swali lako kuu, kokotoa tena bila kauli mbili zinazotaja ustawi na upweke, na uandike yote mawili kwenye sura ya matokeo. Mtahini ataliona hilo kama kazi ya mtu aliyelisoma dodoso lake.

Na kama lengo lako ni kusema Waislamu wana ustawi kuliko Wakristo au kinyume chake, hakuna kati ya vinne hivi kinachoweza kukubeba kikiwa kama kilivyo, kwa sababu bado hujaonyesha kwamba kinamaanisha jambo lilelile kwa pande zote mbili. Chambua kila kundi ndani yake kwanza: miongoni mwa Waislamu, imani na ustawi vinakwendaje, miongoni mwa Wakristo, vinakwendaje. Maswali hayo mawili yanatosha tasnifu nzima.